Mafuriko ya Dar es Salaam: miradi ipo, mwenye mtaro ni nani?

Masika yakikolea, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Polisi husimama upande wa Magomeni na upande wa Fire (kituo cha zimamoto), mabasi ya mwendokasi husitisha safari zinazopita bondeni, na jiji lenye watu zaidi ya milioni 5 hukatika vipande viwili mpaka maji yatakapoamua kupungua. Serikali sasa imeamua kuliondoa tatizo hilo kwa kujenga daraja jipya la mita 390 ambalo mkataba wake ulisainiwa mwaka 2024. Daraja hilo ni sehemu ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na fedha nyingine zikaongezwa na Uhispania na Uholanzi. Sina ugomvi na daraja hilo. Lilipaswa kujengwa kabla ya njia ya mwendokasi kupitishwa bondeni, na kila anayetumia barabara ile anajua hasara ya kuchelewa kwake.

Hata hivyo daraja huvusha magari. Haliyaondoi maji yanayoingia chumbani Kigogo au Mchikichini, wala halibadilishi kilichomo ndani ya maji hayo, nacho ni mchanganyiko wa tope, plastiki, mafuta ya gereji na kinyesi kutoka vyoo vya shimo vilivyojaa. Hoja ya makala hii ni kwamba Dar es Salaam imepata miradi mikubwa ya kukabili mabadiliko ya tabianchi katika kipindi kile kile ambacho serikali yake ya jiji imenyang'anywa, kidogo kidogo, mamlaka na mapato ya kufanya kazi ndogo za kila siku ambazo bila hizo miradi hiyo haitadumu. Zege linaongezeka na mwenye dhamana anapungua.

Tuanze na mvua yenyewe, kwa sababu mjadala wetu hupotea mapema hapo. Mvua za Desemba 2011, zilizoua watu zaidi ya 40 jijini, zilielezwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954. Kauli hiyo ilirudiwa sana wakati ule kama ushahidi kwamba tabianchi imebadilika, na ni kweli kwamba bahari yenye joto zaidi hutoa unyevu mwingi zaidi na kwamba mvua za siku moja zinazidi kuwa kali. Lakini kauli hiyo ina upande wa pili ambao wachache waliujadili: mvua ya ukubwa unaokaribiana na ule iliwahi kunyesha hapa. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu takribani 130,000 jijini. Bonde la Msimbazi lilikuwa na nyasi, mashamba ya mpunga na nafasi ya kutosha kwa mto kutanuka kwa siku chache na kurudi ulikotoka. Mwaka 2002 watu walikuwa takribani milioni 2.5, mwaka 2012 wakawa 4,364,541, na mwaka 2022 wakafika 5,383,728. Maji yanayoanguka Pugu na Kisarawe siku hizi hukutana na mabati, lami, kuta za uzio na viwanja vilivyosakafiwa kuanzia Gongo la Mboto hadi Tabata, kisha hufika Jangwani yote kwa pamoja, yakiwa yamebeba mchanga wa vilima vilivyokatwa miti.

Mchanga huo ndio unaostahili kuzungumzwa zaidi kuliko tunavyofanya. Sakafu ya mto pale chini imepanda mwaka hadi mwaka, na kila inapopanda, mvua ya kiasi kilekile hutosha kuleta mafuriko makubwa kuliko yale ya zamani. Unaweza kuchimba na kusafisha mto leo, na kama mashamba na viwanja vya juu vinaendelea kumomonyoka, baada ya misimu michache utakuwa umerudi ulipoanzia. Juu huko ni Wilaya ya Kisarawe, ambayo iko Mkoa wa Pwani, na ni kata za pembezoni za Ilala na Ubungo. Kwa maneno mengine, anayefurika na anayesababisha mafuriko wanapigia kura madiwani tofauti, na baadhi yao hata mkoa si mmoja. Tabianchi inaongeza uzito wa mzigo, lakini njia ambayo mzigo huo unapita tumeitengeneza wenyewe.

Serikali imekuwa ikilijibu hilo kwa kuwageukia wakazi wa mabondeni. Ramani ya mipango miji ya mwaka 1979 ilikwisha kulitaja bonde kuwa eneo la hatari lisilofaa kwa makazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Baada ya mafuriko ya 2011 mamia ya kaya zilihamishiwa Mabwepande, mbali na soko, mbali na vibarua vya Kariakoo, na wapo waliouza viwanja walivyopewa wakarudi walikotoka. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa: alama za X kwa rangi nyekundu ukutani, matingatinga, vilio kwenye runinga, kisha zoezi likasitishwa baada ya lawama kuzidi na kesi kufunguliwa mahakamani.

Ni rahisi kusema kwamba watu hao walivunja sheria. Lakini baadhi yao walikuwa na mita za umeme, mabomba ya maji ya mamlaka, na stakabadhi za kodi ya majengo. Serikali iliyokuwa ikiwaambia waondoke ndiyo iliyokuwa ikiwatoza. Tena Serikali hiyohiyo, ikijua ramani ya 1979 inasema nini, iliweka karakana kuu ya mabasi ya mwendokasi katikati ya Jangwani, mabasi yakaanza kazi Mei 2016, na mafuriko yakaanza kuyafuata humo humo bila kukawia. Mama ntilie wa Magomeni Suna akijenga banda bondeni anaitwa mvamizi. Taasisi ya umma ikifanya hivyohivyo kwa fedha za mkopo, jambo hilo huitwa changamoto ya usanifu. (Neno "changamoto" limewaokoa viongozi wengi.)

Mafuriko ya Aprili 2018 ndiyo yaliyobadilisha hesabu. Benki ya Dunia ilikadiria hasara yake kuwa zaidi ya dola milioni 100, karibu asilimia 2 ya pato la jiji. Mwaka huohuo wataalamu, maofisa wa Serikali, wahandisi na wawakilishi wa wakazi walikaa pamoja kwa miezi kadhaa kuchora mpango wa bonde, na matokeo yake ndiyo mradi unaotekelezwa sasa: kulipa fidia na kuwahamisha maelfu ya wenye nyumba, kuchimba na kupanua mto, kuinua ardhi ya pembeni, kupanda miti juu, na kuacha eneo la chini liwe bustani ambayo mto unaruhusiwa kuifunika mvua zikizidi. Wazo hilo la kumwachia mto nafasi yake ni la busara kuliko lolote lililowahi kufikiriwa kuhusu Msimbazi, na kulipa fidia badala ya kupaka X ni hatua ya kiutu, hata kama viwango vya fidia vililalamikiwa sana na waliolipwa.

Sasa ndipo ninapofikia swali langu. Mradi unasimamiwa na TARURA chini ya TAMISEMI (Ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa), yaani na wakala wa Serikali Kuu wenye kazi ya barabara. Siku mradi utakapokwisha na wahandisi kuondoka, nani atauchimba mto kila baada ya masika? Kwa bajeti ipi? Na mkazi wa Hananasif akiona tope limeanza kujaa tena, aende mlango gani kulalamika?

Fuatilia mtaro mmoja tu uone. Mtaro ukiwa kando ya barabara kuu ni wa TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara kuu. Ukiwa kando ya barabara ya mtaa ni wa TARURA. Takataka zilizomo ndani yake ni kazi ya manispaa, au ya mkandarasi aliyepewa zabuni na manispaa. Kama kuna majitaka yaliyotoka kwenye chemba, ni suala la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji. Mtaro ukimwaga maji mtoni, mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mwenye kiwanda anayeachia kemikali usiku anapaswa kushughulikiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Nyumba iliyojengwa juu ya mtaro ni habari ya maofisa mipango miji na Wizara ya Ardhi. Kipindupindu kikitokea, anayeitwa ni bwana afya wa kata, ambaye kati ya hao wote hana amri juu ya hata mmoja. Na mwananchi, kwa sababu ndiye anayemfahamu, humwendea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye ana muhuri na daftari, hana mshahara wala koleo.

Hali hii haikuwepo siku zote. Ni kweli kwamba Halmashauri ya Jiji haijawahi kuwa kielelezo cha utendaji; ilivunjwa mwaka 1996 kwa kushindwa kazi, jiji likaongozwa na Tume hadi mwaka 2000, kisha zikazaliwa manispaa tatu na Halmashauri ya Jiji ya kuziratibu, baadaye Ubungo na Kigamboni zikaongezwa kuwa tano. Uratibu ulikuwa dhaifu, kwa kuwa fedha zilibaki kwenye manispaa. Hata hivyo kulikuwa na meza moja ambapo mambo ya mji mzima yangeweza kuwekwa. Februari 2021 meza hiyo iliondolewa: Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi na kupewa jina la Jiji la Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza matumizi, kwa kuwa chombo kile hakikuwa na eneo lake chenyewe. Matokeo ni kwamba leo Meya wa Jiji la Dar es Salaam hana mamlaka ng'ambo ya mto. Upande mmoja wa Msimbazi, pale Jangwani, ni jiji. Upande wa pili ni Kinondoni. Sijui mji mwingine mkubwa ambao mpaka wake wa kiutawala umewekwa katikati ya tatizo lake kubwa kuliko yote.

Kabla ya hapo yalikwisha kutokea mengine mawili. La kwanza ni kuanzishwa kwa TARURA mwaka 2017, kulikohamisha barabara za mitaa, pamoja na mitaro yake, kutoka halmashauri. La pili ni kodi ya majengo. Kodi hiyo, duniani kote, ndiyo chanzo cha asili cha mapato ya mji, kwa sababu inamuunganisha mwenye nyumba na huduma inayolinda thamani ya nyumba yake. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya Serikali Kuu, na tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ambayo mwaka 2023 ilipanda kuwa 1,500. Kama njia ya kukusanya fedha, mpango huo una ufanisi usiopingika, kwani hakuna anayetaka kulala gizani. Kama njia ya kuendesha mji, umekata uzi. Mpangaji anayenunua umeme Vingunguti analipa kodi ya nyumba ambayo si yake, fedha zinakwenda Hazina, na mtaro ulio mbele ya mlango wake unasubiri mgawo kutoka Dodoma.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja isiyopaswa kubezwa. Halmashauri zilikusanya kidogo na kupoteza kingi. Mikataba ya taka ilitolewa kwa kujuana. Barabara za mitaa hazikuwa nzuri wakati zikiwa chini ya madiwani. Serikali Kuu inaweza kukopa dola milioni 200, jambo ambalo diwani hawezi. Yote hayo ni kweli. Lakini mkopo hujenga mara moja, na mtaro huziba kila wiki. Kazi ya aina hiyo ya pili haijawahi kufanywa vizuri kwa amri ya mbali, na hapa jijini tuna ushahidi wetu wenyewe unaoonyesha kinyume chake.

Kuanzia mwaka 2004 jiji liliendesha Mpango wa Kudhibiti Malaria Mjini. Halmashauri ya Jiji, manispaa zake na watafiti waliwachukua wakazi wa mitaa, wakawafundisha kutambua viluilui, wakawapa ramani za maeneo yao, na kila wiki watu hao walipita kwenye madimbwi, mifereji na mashimo ya matofali wakihesabu na kuandika, kisha tangu 2006 wakaanza kunyunyizia dawa ya kibaiolojia ya kuua viluilui. Maambukizi yalipungua katika kata zilizohusika, na matokeo hayo yakachapishwa na kusomwa na wataalamu wa miji mingine. Uliendeshwa na serikali ya mji, kwa watu wa mtaa, kwa kazi ya kujirudia isiyo na utepe wa kukata. Baadaye Serikali Kuu ilijenga kiwanda cha viuadudu Kibaha kwa ushirikiano na Cuba, na Juni 2017 Rais John Magufuli akaziagiza halmashauri zote zinunue dawa zake. Dawa zikawepo. Kilichokosekana katika halmashauri nyingi kilikuwa bajeti ya yule mtu wa kupita kwenye madimbwi kila wiki, na ndiye aliyekuwa siri ya mafanikio ya awali.

Umuhimu wa mtu huyo unaongezeka kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Homa ya dengue ililipuka jijini mwaka 2014, na mwaka 2019 ikarudi kwa nguvu zaidi na kuwapata maelfu, wengi wao wa Dar es Salaam. Mbu wanaoieneza huzaliana kwenye maji masafi yaliyotulia katika matairi ya gereji, ndoo, vifuu na vyungu vya maua, na huuma mchana, wakati ambapo chandarua kimekunjwa. Huwezi kumshinda mbu wa namna hiyo kwa kampeni ya kitaifa ya vyandarua. Unamshinda kwa kujua ni uchochoro upi wenye matairi, na hilo linajulikana na mtu wa mtaani.

Kipindupindu kinafundisha zaidi. Mlipuko mkubwa wa miaka ya karibuni ulianza Kinondoni Agosti 2015, na hadi mwanzoni mwa 2018 ulikuwa umewapata watu zaidi ya 30,000 nchini na kuua zaidi ya 500. Tumezoea kuuhusisha ugonjwa huu na mafuriko, na uhusiano huo upo: mvua inaponyesha wapo wanaotapisha vyoo, yaani wanatoboa shimo lililojaa ili mafuriko yabebe kinyesi, kwa sababu gari la kunyonya majitaka ni ghali na haliwezi kupita katika vichochoro vya Vingunguti au Tandale. Mfumo wa mabomba ya majitaka unafikia sehemu ndogo tu ya wakazi. Lakini Agosti si mwezi wa mvua. Ni wakati wa ukame, ambapo bomba hutoka kwa mgawo na watu hurejea kwenye visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyooni. Yaani mvua ikizidi tunaumwa, na mvua ikipungua tunaumwa ugonjwa uleule, kwa sababu ya choo kilekile.

Oktoba 2022 tulipata onyo la upande huo wa ukame. Kina cha Mto Ruvu, ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya jiji, kilishuka kiasi kwamba uzalishaji wa DAWASA ulianguka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi takribani milioni 300, na mgawo ukatangazwa. Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo kadhaa, hatimaye likaanza kujengwa. Sawa. Lakini nani aliyepima visima vifupi vya Manzese katika wiki zile za mgawo, na nani aliyegawa dawa ya kutibu maji nyumba kwa nyumba? Hayo ni maswali kuhusu maofisa afya wa kata, idadi yao, usafiri wao na posho zao, na hayaonekani katika hotuba yoyote kuhusu tabianchi.

Taka nazo zina historia inayofaa kukumbukwa, kwa sababu ni mojawapo ya mara chache ambapo wakazi walilazimisha serikali ya jiji kujibu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwaka moto, kutoa moshi na harufu, na kuzalisha nzi katikati ya makazi yao. Mahakama Kuu iliamuru dampo lifungwe na jiji litafute mahali pasipodhuru watu. Jiji likaomba muda, likaomba tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akishangaa kwamba mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ambayo Katiba, kwa ibara yake ya 14, inayalinda. Hukumu hiyo bado inanukuliwa na wanasheria wa mazingira. Kilichofuata hakipendezi sana: dampo lilihamia Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakashtaki na kushinda mwaka huohuo wa 1991, taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na tangu 2007 zinakwenda Pugu Kinyamwezi.

Kila hatua ilizisogeza kwa jirani mwenye sauti ndogo zaidi. Pugu ni mbali, zaidi ya kilomita 30 kutoka baadhi ya kata za Kinondoni, na umbali huo una bei. Mkandarasi anayetoza kaya maskini ada ndogo hawezi kumudu mafuta ya lori kila siku, hivyo huzoa palipo rahisi na kuacha palipo pagumu. Mwenye guta (mkokoteni wa magurudumu matatu) humwaga mzigo kwenye korongo la karibu. Mvua ikinyesha, mtaro hufanya kazi ya dampo. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 lilisaidia kwa dhahiri, nami naliona kuwa mojawapo ya hatua bora za afya ya mazingira katika kipindi hiki, ila chupa za maji na soda bado zinaziba makalavati ya Msimbazi, na kituo cha kati cha kukusanyia taka kabla ya safari ya Pugu ni jambo ambalo manispaa moja haiwezi kulipanga peke yake, kwani hakuna kata inayokubali taka za manispaa nyingine.

Kuhusu mboga zinazomwagiliwa bondeni nitasema kifupi. Watafiti wamepima mchicha wa Msimbazi kwa miaka mingi na kukuta madini mazito, yakiwemo risasi na kromiamu. Mkulima hufukuzwa, kiwanda hupigwa faini, na msimu unaofuata mchicha unauzwa sokoni kama kawaida, kwa kuwa hakuna anayepewa jukumu la kupima maji ya mto na kutangaza matokeo kwa ratiba inayojulikana.

Hatuwezi kusingizia ukosefu wa taarifa. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora ramani za mitaa inayofurika, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, wakaandika mtaro upi umeziba, upi umevunjika, na maji hufika kina gani. Ramani hizo ni za wazi. Yeyote anaweza kuzitumia. Miji michache ya Afrika ina hazina ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba ramani humwonyesha mwenye mamlaka pa kuanzia, na hapa ofisi sita zinaweza kuitazama na kila moja ikaona sehemu yake ni ndogo.

Dar es Salaam ni mwanachama wa mtandao wa C40 wa miji inayokabili mabadiliko ya tabianchi, na maofisa wake huhudhuria mikutano ambako mameya wa miji mingine huahidi mambo wanayoweza kuyatekeleza. Wetu, nasema bila kumdharau mtu, wanaahidi kwa niaba ya mawaziri. Hawana mamlaka juu ya barabara, mitaro, majitaka, mto, wala kodi ya majengo, na wakurugenzi wa halmashauri zao huteuliwa na Rais. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tumeyapeleka upande wa pili.

Ninachopendekeza hakihitaji mkopo mpya. Kwanza, kuundwe mamlaka moja ya maji ya mvua na taka kwa jiji zima, halmashauri zote tano pamoja na Kisarawe kwa sehemu inayomwaga maji Msimbazi, yenye bodi wanayoketi mameya na wenyeviti wanaowajibika kwa wapiga kura, na iwe imeanza kazi kabla mradi wa Msimbazi haujafungwa ili ipokee mto kutoka TARURA ukiwa na bajeti ya kuuchimba kila mwaka. Pili, sehemu kubwa ya kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU za Dar es Salaam irudishwe moja kwa moja kwa kazi hiyo na kwa maofisa afya wa kata, na kila ofisi ya mtaa ibandike ukutani kiasi kilichorudi. Tatu, kibali cha ujenzi katika kata za juu, Pugu, Kinyerezi, Msigani na nyinginezo, kimtake mwenye kiwanja aonyeshe maji ya paa lake yatakwenda wapi, na anayemwaga kifusi korongoni atozwe gharama za kukitoa. Nne, wale wahesabu viluilui wa mitaani warejeshwe, safari hii wakiwa na kazi pana zaidi: mbu, visima, vyoo vilivyojaa, mitaro iliyoziba.

Katika hayo, la kodi ndilo litakalopingwa zaidi, kwa sababu Hazina haiachii kwa urahisi kilichokwisha kuingia mkononi. Lakini ndilo linaloweza kuanza mapema kuliko yote: halihitaji mhandisi wala fidia, linahitaji kifungu kimoja katika Muswada wa Sheria ya Fedha unaosomwa bungeni kila Juni, na wabunge wa majimbo ya Dar es Salaam, ambao karibu wote wana kata inayofurika, wanatosha kukiweka mezani.